Si kila anayekumwagia maji baridi anakuonea wivu

Rafiki yangu mmoja alipoteza Sh18,500 mwezi wa Machi. Pesa zenyewe zilikuwa za karo, muhula wake wa mwisho wa diploma ya masomo ya jioni, na alizitumbukiza kwenye apu moja iliyoahidi kumlipa kila siku kwa kutazama video na kuzibonyezea dole gumba. Siku tisa za kwanza alilipwa kweli. Alituonyesha jumbe za M-Pesa, akanunulia watu soda, akatuambia sisi wa kuamka saa kumi na moja alfajiri kukimbizana na matatu kwamba tumelala. Siku ya kumi apu ikakataa kufunguka. Kufikia jioni, msee aliyekuwa akisimamia kundi lao la WhatsApp alikuwa amejitoa na nambari yake haishiki.

Alikuja kwangu usiku huo. Hakulia. Alikaa tu kwenye kiti akizungusha simu mkononi, halafu akaniuliza, "Kwani wewe ulikuwa unaona hii kitu ni uongo?"

Nikamwambia nilishuku tangu siku ya kwanza.

"Na ukanyamaza?"

Nilinyamaza kwa sababu sikutaka kumkata stimu. Hilo ndilo jibu la kweli, na nilipolisema kwa sauti nikaona jinsi lilivyo la aibu. Kijana mwenzangu alikuwa anaelekea shimoni, nami nikaona heri atumbukie akiwa na furaha kuliko nimharibie siku.

Tangu hapo nimekuwa nikiufikiria sana huu msemo, pamoja na ndugu yake wa Kizungu. Waingereza husema "pour cold water", yaani kumwagia maji baridi mpango wa mtu hadi hamu yake izimike. Wakenya tumeupenda msemo huu pengine kuliko wenyewe. Fungua gazeti la Kiingereza la hapa nchini wiki yoyote na hutakosa kigogo aliyemwagia kitu maji baridi. Kwa Kiswahili nako tumeshautafsiri neno kwa neno: waziri amwagia maji baridi ripoti, kocha amwagia maji baridi uvumi, gavana amwagia maji baridi mgomo. Msemo wenyewe una umri mkubwa. Plautus, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Roma aliyeishi karibu miaka 200 kabla ya Kristo, tayari alikuwa na watu wa kumwagia wenzao maji baridi kichinichini, ingawa kwake ilikaribia zaidi kusengenya.

Ukiutazama vizuri, unaona Mzungu anafikiria hamu kama moto. Wazo linawaka, mtu anakuja na ndoo, tsss, limezimika. Sawa kabisa, hasa kwa mtu anayeishi kwenye baridi na anayetegemea moto ili asife. Lakini ulete hapa kwetu uone unavyochekesha. Hapa mtu akiwaka amekasirika, au amelewa. Na neno la sifa kuliko yote mtaani ni lipi? Poa. Mambo poa, niko poa, huyo dem ni poa, hiyo kazi imekaa poa. Kitu kilichopoa ndicho kizuri! Nenda Mombasa mchana wa Februari, umekwama kwenye foleni ya feri pale Likoni, uone kama utamkasirikia anayekuletea maji baridi.

Halafu kuna birthday. Sijui nani alianzisha, lakini kila aliyepitia shule ya bweni au chuo hapa Kenya anajua kwamba siku yako ya kuzaliwa utamwagiwa maji. Ndoo nzima, wakati mwingine ukiwa na nguo za kanisani, na wanaokumwagia ni wale wanaokupenda. Usipomwagiwa ndipo ujiulize una marafiki au la. Kwa hivyo Mkenya aliyelowa chapachapa saa mbili asubuhi huenda ndiye mwenye furaha kuliko wote kwenye ploti.

Msemo mwingine wao ni ule wa kunyeshea mtu gwaride lake, ambao wimbo wa Barbra Streisand wa mwaka 1964, "Don't Rain on My Parade", kutoka mchezo wa Funny Girl, uliufanya maarufu duniani. Sisi paredi tunayoijua ni ile ya shuleni Jumatatu asubuhi, mwalimu wa zamu anakagua kucha na soksi huku mkuu wa shule akihutubia kuhusu nidhamu. Mvua ikinyesha kwenye paredi hiyo tulikuwa tunashukuru Mungu. Na usinianzishie ule wa kumwita mtu asiye na raha "blanketi lililolowa". Blanketi lililolowa maji hutumika kufunika moto uzimike, ndiko msemo ulikotoka. Lakini mtamkie aliyekuwa bweni kidato cha kwanza kwamba fulani ni mwenye blanketi lililolowa, na stori atakayokupa haina uhusiano wowote na zimamoto.

Kiswahili chenyewe hakikuhitaji maji kusema haya. Tuna kuvunja moyo, na kukata tamaa. Pwani wana ule ninaoupenda kuliko yote, kutia mchanga kitumbua cha mtu: amekikanda, amekipika, kiko moto mkononi, nawe unapita na kukirushia mchanga. Vijana wa Nairobi tukaongeza kukata stimu, neno ambalo kwa sikio langu ni ndugu wa stima: raha ilikuwa inapita kwenye waya, mtu akaenda kwenye meta akazima.

Angalia jinsi misemo yote hiyo inavyohukumu. Anayetia mchanga ana nia mbaya. Anayevunja moyo ana roho mbaya. Anayekata stimu ana wivu. Hakuna hata mmoja unaoacha nafasi ya kuuliza: je, hicho kitumbua kilikuwa kimeiva? Ukishaambiwa umekata stimu, kesi imeisha, hakuna wakili. Ndiyo maana siku hizi mtu akileta wazo kwenye kundi, jibu la salama ni emoji ya moto tatu mfululizo na "go for it". Tumekuwa kizazi cha kupigiana makofi. Naelewa tulivyofika hapa, maana tulikua tukisikia "hiyo haiwezekani" kutoka kwa kila mtu mzima, tukaapa kutofanyiana hivyo. Lakini tumevuka mpaka.

Kwa wale waliokulia mitaa ya mabati, moto si msemo. Unajua ile saa nane usiku mtu anapiga kelele "moto!", na gari la zimamoto haliwezi kuingia kwa sababu barabara ni ya upana wa mkokoteni. Wanaookoa ploti ni majirani wenye mitungi, karai na mchanga. Usiku huo hakuna anayemwambia mwenye ndoo kwamba anaharibu sherehe. Na wanaojua moto wanajua pia kwamba si kila moto ni wa maji. Mafuta ya chipsi yakiwaka ukayamwagia maji, moto unaruka hadi darini. Unayafunika kwa sufuria au mfuniko. Moto wa nyaya za stima ukiumwagia maji kabla ya kuzima umeme unaweza kufa wewe. Kwa hivyo kabla ya kumwaga, jua unamwaga juu ya nini.

Mwaka 1989 serikali ya KANU ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 katikati ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi, makao ya Kenya Times Media Trust, pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi. Lingekuwa refu kuliko jengo lolote Afrika. Hebu fikiria stimu ya mradi kama huo: kazi, fahari ya taifa, picha kwenye kalenda. Profesa Wangari Maathai akaanza kuandika barua. Aliwaandikia wakubwa serikalini, akamwandikia balozi wa Uingereza akimuuliza kama wao wangekubali jumba kama hilo lijengwe Hyde Park. Wabunge wakamshambulia Bungeni, akaambiwa hana heshima kwa wanaume, na vuguvugu lake la Green Belt likafurushwa kutoka ofisi lilizokuwa likitumia. Yeye ndiye aliyekuwa blanketi lililolowa wa taifa zima. Wafadhili wa nje wakajiondoa na mradi ukafa. Ile nyasi unayolalia Jumapili ukisubiri mpigapicha ipo kwa sababu mama mmoja alikataa kushangilia. Tuzo ya Nobel ilikuja 2004, miaka 15 baadaye.

Sasa linganisha na Agosti 2023, tulipopanga foleni pale KICC kupigwa picha ya mboni za macho na Worldcoin ili tupate sarafu za kidijitali za thamani ya takriban Sh7,000. Mimi sikwenda, lakini si kwa sababu nilikuwa na akili, nilikuwa kazini. Watu walikuwa maelfu na waliouliza "hizi data za macho yetu zinapelekwa wapi?" waliambiwa watulie, doh ni doh. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti 2, baada ya macho ya wengi kuwa yameshachukuliwa. Simlaumu aliyepanga foleni. Sh7,000 ni kodi ya nyumba kwa wengi wetu. Ninachosema ni kwamba kwenye foleni ndefu kama ile, swali moja lingefaa kupokelewa kama maji ya kunywa.

Kuna jambo zito zaidi. Serikali imewahi kuwarudisha nyumbani vijana wa Kenya walioahidiwa kazi Thailand wakajikuta wamefungiwa Myanmar, wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Wazia sherehe ya kumuaga mmoja wao. Mathe amepika pilau, pasta ameomba, mjomba ameuza mbuzi kuchangia tiketi, picha za uwanja wa ndege zimewekwa kwenye status. Ni nani atainua mkono auze sura kwa kuuliza kama kuna aliyeiona mkataba, au kama ajenti ana leseni? Ataambiwa anaita mikosi. Hata mimi ningekula pilau kimya.

Nilifunzwa kunyamaza, na aliyenifunza ni dada yangu mdogo.

Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Jumapili moja alikuja sebuleni na mikoba minne aliyoishona kutoka kwa jinzi kuukuu za mtumba, alizonunua Gikomba kwa bei ya kutupa. Alikuwa ameipanga kwenye meza kama duka. Nikachukua mmoja, nikauinua, nikasema, "Nani atanunua suruali ya mtu ikiwa imekaliwa hivi?" Watu walicheka hadi machozi. Mathe alicheka. Dada yangu naye alicheka, akakusanya mikoba yake, akarudi chumbani.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kujua kwamba aliendelea kushona. Nilijua kwa sababu mfanyakazi mwenzangu alikuja ofisini na mkoba wa jinzi, nikamuuliza ameutoa wapi, akanionyesha ukurasa wa Instagram wenye jina la utotoni la dada yangu. Ana wateja, ana cherehani mbili. Nilipompigia simu nikamuuliza mbona hakuniambia, alinijibu bila hasira yoyote: "Nakwambia aje na najua vile unakuwanga?"

Biashara yake haikuharibika kwa maneno yangu, alikuwa na moyo mgumu kunishinda. Nilichopoteza ni kwamba aliacha kuniambia mambo. Ushauri ambao ningeweza kumpa, jinsi ya kusajili biashara, jinsi ya kukataa wateja wa deni, alitafuta kwa watu baki. Kwa hivyo nikaapa sitamkata mtu stimu tena. Nikaenda upande wa pili kabisa, na miaka miwili baadaye nikakaa kimya rafiki akipoteza karo.

Ukinisikiliza vizuri utaona nilifanya kosa moja mara mbili. Kwa dada yangu sikuuliza swali hata moja. Lile lilikuwa na alama ya kuuliza lakini lilikuwa mzaha. Sikutaka jibu, nilitaka watu wacheke. Ningemuuliza kwa dhati "nani atanunua?", angenijibu, maana kumbe alikuwa na majina ya wasichana 11 wa hosteli waliokwisha kuagiza. Kwa rafiki yangu nilikuwa na swali la dhati, pesa za kuwalipa nyinyi nyote zinatoka wapi, nikalimeza.

Mzaha na swali haviko kundi moja, lakini msemo wetu unaviita jina moja. Julius Yego alijifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube, katika nchi ambayo kila mtu anataka kukimbia. Mwaka 2015 alirusha mita 92.72 kule Beijing akawa bingwa wa dunia, na mwaka uliofuata akaleta fedha ya Olimpiki kutoka Rio. Fikiria kijana huyo anawaambia wenzake Nandi kwamba kocha wake ni YouTube. Kucheka ni rahisi sana hapo. Lakini mtu angemuuliza "utapata wapi mkuki wa kiwango, na nani atakurekebisha bega lisiumie?", hayo ni maswali ambayo mwanariadha yeyote anapaswa kuyajibu, na kuyajibu kunamjenga.

Wakubwa wetu nao wajisikie hapa, maana nao wana maji yao. Kigogo akimwagia ripoti maji baridi, mara nyingi husikii sababu. Anasema ni ya uongo, ni ya maadui, ni ya watu wasio na kazi, basi. Na vyombo vya habari, tukiwemo sisi tunaoandika, tunaweka "amwagia maji baridi" kwenye kichwa cha habari kana kwamba ni hoja. Aliyesoma anabaki kujua kwamba mkubwa amekataa, hajui kwa nini. Juni 2024 maji yenyewe yalitoka kwenye magari ya polisi, yakarushiwa vijana waliokuwa wakipinga Mswada wa Fedha. Walikuwa wameshaambiwa ni watoto wa mitandao tu, wataishiwa na bando. Hawakuzimika. Rais William Ruto alitangaza Juni 26 kwamba hatautia saini mswada huo, ingawa kuna waliouawa kwa risasi ambao hawakuisikia habari hiyo. Sitaki mtu anisome vibaya akadhani ninawaambia vijana watulie. Vijana wale ndio waliokuwa wakiuliza maswali, kipengele kwa kipengele, na wenye mabavu ndio waliokuwa na ndoo.

Kwa upande wangu nimejiwekea utaratibu mdogo, nao haujakamilika. Siulizi mbele ya watu. Kundi la WhatsApp ni mbele ya watu. Napiga simu, au nasubiri tukiwa wawili, kwa sababu mtu akiulizwa mbele ya wenzake anatetea uso wake, hatetei wazo. Nauliza kitu kinachoweza kujibiwa: nani ana leseni, pesa inatoka wapi, ukitaka kujitoa unajitoaje. Na nabaki. Hili la kubaki ndilo gumu, maana wengi wetu tukishamwaga maji tunaondoka na ndoo yetu, kesho tukisikia imeharibika tunasema "nilikwambia".

Wiki iliyopita rafiki yangu, huyuhuyu wa Sh18,500, alinitumia linki nyingine. Mara hii ni shamba la parachichi, unanunua hisa ya miti, unakaa Nairobi unangoja mavuno. Niliona kidole changu kinaelekea kwenye emoji ya moto, nikakirudisha. Nikampigia.

"Umeona?" akaniuliza. Sauti yake ilikuwa imejaa raha, ile ya Machi.

"Nimeona. Hilo shamba liko wapi?"

"Murang'a."

"Umeenda ukaliona?"

Kimya. Nikasikia matatu ikipiga honi upande wake. Nikajua sasa ananiita majina moyoni, na kusema kweli nilitamani kukata simu niseme mtandao umesumbua.

"Maze wewe pia," akasema mwishowe. Halafu, baada ya muda, "Nauli ya kwenda Murang'a siku hizi ni ngapi?"

Tunaenda Jumamosi.